Wapangaji wa Nyumba Yao

Asubuhi moja mtu wa maji aligonga geti la nyumba yenye bati la kijani, nyuma ya soko la Mugumu. Rhobi alikuwa uani, anafua. Aliposikia hodi, moyo ulianza kumwenda mbio. Siku hizi kila hodi ilimtisha.

"Habari za hapa, mama. Mwenye nyumba yupo?"

"Hayupo," Rhobi alisema. "Sisi ni wapangaji tu."

Mtu yule alieleza kwamba bomba jipya linapita mtaani. Anayetaka kuunganishiwa maji ajaze fomu, ila lazima asaini mwenye nyumba. Mpangaji hawezi. Akasema mwenye nyumba akirudi waende ofisini, kisha akavuka kwenda nyumba ya pili.

Rhobi alirudi kwenye beseni. Maji aliyofulia aliyabeba kichwani kutoka kisimani, na shingo bado ilikuwa inamuuma. Alikuwa amedanganya. Mwenye nyumba hakuwa mtu mwingine. Alikuwa yeye mwenyewe, pamoja na mume wake Anold.

Walikuwa wamehamia hapa wakitokea Nyangoto, wilaya ya Tarime. Huko Nyangoto baba yake Rhobi aliwahi kuwa na shamba zuri. Majirani wakaligombania. Mzee hakuwa na karatasi hata moja, na shamba likaenda. Rhobi alikuwa msichana mdogo, lakini anakumbuka walivyobeba vyungu na magodoro barabarani huku watu wakitazama. Ndiyo maana walipopata nafasi ya kununua nyumba Mugumu alifurahi mpaka akalia. Anold alikuwa fundi pikipiki, na mjini pikipiki haziishi kuharibika.

Nyumba ilikuwa ya Emanueli. Alikaa humo miaka mingi na mke wake, halafu akaamua kurudi kwao Issenye kulima na kufuga. Walipatana kwa njia ya watu wa huku. Anold alitoa shilingi milioni kumi na nne, na juu yake ng'ombe wanane. Baadhi ya ng'ombe hao walitokana na mahari ya dada yake Anold. Walitolewa mchana kweupe, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Emanueli aliwapokea, akawaswaga kwenda kwake, watu wakala nyama, yakaisha.

Siku ya kuandika mkataba alikuwepo dalali, jina lake Nyamhanga. Huyu bwana ana maneno mengi na shati lililopigwa pasi vizuri. Kwa watu wenye hofu, maneno mengi hununuliwa kwa bei kubwa.

"Ng'ombe msiwaandike," Nyamhanga alisema. "Andikeni pesa tu. Kodi ni ya pesa, haihusu ng'ombe. Na wewe mura, kijana wangu, usiende ofisi yoyote. Wakijua umenunua, wanakukata robo ya nyumba. Muuzaji naye wanamkata nusu."

Emanueli alishtuka, akakubali haraka. Anold naye alikubali. Kwake yeye ng'ombe aliyetolewa mbele ya wazee hahitaji karatasi. Nani ameshawahi kuandika ng'ombe? Basi karatasi ikasema nyumba imeuzwa milioni kumi na nne. Wanane wale hawakuonekana popote.

Kuanzia siku hiyo walianza kujificha. Waliwaambia majirani wamepanga. Binti yao Veronika aliambiwa aseme hivyo hivyo shuleni. Rhobi hakuning'iniza mapazia. Vyombo vyake vizuri viliendelea kukaa kwenye viroba, vimefungwa kamba, kama watu wanaosubiri gari. Kila alipoona mtu amebeba faili, aliingia ndani na kufunga mlango. Nyumba wameilipia yote, lakini wanaishi humo kama wezi.

Halafu Nyamhanga akarudi.

Alikaa kwenye kigoda cha Rhobi bila kukaribishwa, akashusha sauti. Alisema mambo mawili, na yote yalikuwa mabaya. La kwanza, watu wa kodi wameshasikia habari za nyumba hii. La pili, Emanueli amempata mnunuzi mwingine mwenye pesa zaidi, kwa hiyo anataka kuvunja mauziano.

"Atawarudishia kilichoandikwa," Nyamhanga alisema. "Milioni kumi na nne. Mkidai ng'ombe atawauliza, ng'ombe gani?"

Anold alitaka kujua wafanye nini. Dalali alikuwa tayari na jibu. Wampe laki nane, yeye akazime mambo pande zote mbili. Atapita kuzichukua Jumamosi.

Alipoondoka, mume na mke hawakutazamana. Anold alisema atauza mashine yake ya kuchomelea. Rhobi alijua bila mashine ile hakuna kazi, na bila kazi hakuna chakula. Lakini alikumbuka vyungu na magodoro barabarani, naye hakumpinga. Chakula cha mchana hakikulika siku hiyo.

Kesho yake alikwenda sokoni kununua uzi. Muuzaji alikuwa Rahima, jirani yao wa nyumba ya tatu, mama wa Kiislamu anayeshona na kuuza vitenge. Rhobi alitoa hela, akachukua chenji, akaondoka akiacha uzi mezani. Rahima alimwita. Rhobi aliporudi, machozi yalimtoka mbele ya wateja, naye hakuweza kuyazuia.

Rahima alimvuta nyuma ya pazia la kibanda. Alimpa kiti, akamwacha alie kwanza. Kisha Rhobi akaeleza yote, hata ule uongo wa kwamba wao ni wapangaji.

"Huo tuliujua zamani," Rahima alisema. "Mpangaji gani anabadilisha bati la jiko? Sisi tulinyamaza tu."

Rhobi alicheka kidogo katikati ya kilio.

"Sasa nisikilize, mdogo wangu," Rahima aliendelea. "Kodi ya serikali haina siri, wala haimpitii dalali. Ukienda ofisini unapewa namba ya malipo. Unalipa kwa simu au benki, unapata risiti. Anayetaka umpe mkononi kimyakimya, hiyo si kodi. Huyo anataka kula tu. Mimi niliponunua kiwanja changu nililipa, na mpaka leo hakuna aliyenikata robo."

"Wakinikamata je?"

"Wakukamate kwa kununua nyumba? Kosa lako ni kujificha. Twende ardhi, nakusindikiza."

Rhobi alikataa. Rahima alifunga kibanda hata hivyo, akamshika mkono. Njia nzima mpaka ofisi za halmashauri Rhobi alikuwa anatafuta sababu ya kurudi nyumbani. Alisema ameacha moto jikoni. Alisema kiatu kinambana. Rahima aliitikia tu na kuendelea kutembea.

Ofisi ya ardhi ilikuwa na dada mmoja anayeitwa Gloria. Aliwakaribisha, akauliza awasaidie nini.

"Kuna jirani yangu," Rhobi alisema. "Amenunua nyumba. Sasa anaogopa."

Rahima alitazama dirishani. Gloria naye hakuuliza jirani huyo anaitwa nani. Alivuta kiti karibu.

"Mwambie jirani yako asiogope," Gloria alisema. "Mwambie nyumba ikiuzwa, kuna anachotakiwa kulipa mnunuzi, na kuna anachotakiwa kulipa muuzaji. Wakivichanganya ndipo wanapotishana."

Alieleza polepole. Mnunuzi analipa ushuru wa stempu. Kwa nyumba kama hii ya mjini, ni asilimia moja ya bei, yaani katika kila shilingi mia, shilingi moja. Ushuru huo unatakiwa kulipwa ndani ya siku thelathini tangu mkataba kusainiwa. Aliyechelewa anaweza kuongezewa adhabu. Mkataba usio na stempu hauna nguvu mahakamani. Ukipata kesi, hakimu hawezi kuupokea mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe.

"Na robo ya nyumba?" Rhobi aliuliza.

"Robo ya nyumba haipo kwenye sheria yoyote ninayoijua."

Rhobi aliomba arudie tena. Gloria akarudia.

Kisha akaeleza upande wa muuzaji. Muuzaji anahusika na kodi ya ongezeko la mtaji. Hii inatozwa kwenye faida aliyoipata, si kwenye nyumba yote. Aliyejenga nyumba, akakaa humo mwenyewe kwa miaka, na faida yake haikuwa kubwa, sheria inaweza kumsamehe kabisa. Lakini lazima aende ofisi ya mapato aseme ameuza. Wao ndio wanaopiga hesabu na kutoa hati ya kuonyesha kwamba amemalizana nao. Bila hati hiyo, umiliki haubadilishwi. Nyumba inabaki na jina la muuzaji hata kama mnunuzi amelipa mpaka senti ya mwisho.

"Kwa hiyo kodi yake inaweza kunikwamisha mimi," Rhobi alisema, akasahau habari za jirani.

"Kabisa. Ndiyo maana mkinunua mnakubaliana kabla, nani analipa nini. Mnauliza pia kama pango la ardhi la kila mwaka limelipwa, maana deni la pango nalo linazuia. Viwango hubadilika, kwa hiyo kila mtu aje aulize wakati wake. Kuuliza hakulipiwi."

Rhobi aliuliza lile lililokuwa linamkaa kooni. Je, kama sehemu ya bei ilikuwa ng'ombe?

Gloria alitabasamu kidogo. Ilionekana si mara ya kwanza kusikia swali hilo. Alisema bei ni kila kitu kilichotolewa kununua nyumba. Ng'ombe ni bei, kama noti zilivyo bei. Zaidi ya hapo, mthamini atakuja kuipima nyumba, na atasema thamani yake. Kuandika pungufu hakumdanganyi mthamini.

"Kunamuumiza mnunuzi mwenyewe," Gloria alisema. "Siku mauziano yakivunjika, anarudishiwa kilichoandikwa. Jirani yako amejipunguzia ng'ombe kwa mkono wake. Arudi kwa muuzaji, waende kwa wakili, waandike bei yote. Na mke wa muuzaji asaini kuonyesha ameridhia. Nyumba waliyoishi wanandoa haiuzwi na mmoja."

Rhobi alitoka nje akiwa na nguvu kidogo. Zilimwisha kabla ya kufika sokoni. Kwenda kwa Emanueli ndiko alikokuwa anakuogopa kuliko kote. Kama dalali alisema kweli, Emanueli angetamka maneno mawili tu, ng'ombe gani, na wao wangekuwa wamekwisha. Wazee walioshuhudia wapo, lakini wazee nao wanakufa, na wanasahau.

Anold alisema afadhali wampe Nyamhanga zile laki nane. Rhobi alimjibu kwamba wakimpa Jumamosi hii, atarudi Jumamosi nyingine. Anold akachukua pikipiki ya mteja aliyoitengeneza, kwa ruhusa ya mteja mwenyewe, wakaenda Issenye.

Walimkuta Emanueli pembeni ya boma. Rhobi alimpa shikamoo, akaiitikia bila kumtazama. Hilo lilimtia hofu zaidi. Anold alianza kueleza, lakini maneno yalimkwama, akabaki anazungumzia mvua na mashamba. Basi Rhobi akasema mwenyewe. Alieleza kwamba wamekwenda ardhi, kwamba mkataba una kasoro, na kwamba wanaomba uandikwe upya ukiwa na bei yote.

"Bei si imeandikwa?" Emanueli alisema.

"Imeandikwa pesa, mzee. Ng'ombe hawamo."

Emanueli alichukua kijiti, akaanza kuchimba kucha. Rhobi aliwaona ng'ombe wao wakiwa ndani ya boma, hatua chache tu kutoka aliposimama, na akaona jinsi neno moja la mtu huyu linavyoweza kuwafuta.

Wakati huo mke wa Emanueli, mama Agustina, alitoka ndani na vikombe vya maziwa. Aliwasalimia wageni, akawapa kila mmoja kikombe.

"Kunywa, Rhobi," alisema. "Ni ya yule mwekundu wako mwenye pembe moja. Anatoa maziwa kuliko wote niliowahi kukamua."

Emanueli aliacha kuchimba kucha. Mama Agustina alimtazama mume wake, akamtazama Anold, akaweka sinia chini.

"Kuna nini?"

Rhobi akamweleza. Alipofika kwenye habari ya mke kusaini, mama Agustina alimkatisha. Alisema nyumba ile aliisiriba kwa mikono yake wakati haijawa ya matofali, na hakuna aliyemuuliza wakati wa kuiuza. Hakusema kwa kelele. Emanueli aliinamisha kichwa.

"Nitasaini," mama Agustina alisema. "Mmelipa, nyumba ni yenu. Lakini ng'ombe waandikwe wote wanane. Wasipoandikwa, kesho shemeji zangu watasema ni wa boma lao. Nimeshaanza kuwasikia."

Ndipo Emanueli alipofungua mdomo. Alisema hana mnunuzi mwingine, na hajawahi kuwa naye. Kumbe Nyamhanga alikuwa amepita kwake pia. Alimwambia Emanueli kwamba Anold anataka kumshtaki kwa watu wa kodi, na akaomba pesa ya kuzima mambo. Emanueli alikuwa ameshampa mbuzi wawili. Aliogopa kukatwa nusu ya pesa yake, na pesa yenyewe ameshanunulia mbegu na mabati. Alipowaona wageni wanaingia, alidhani wamekuja kumtangazia kesi.

"Mimi ndiye nilikuwa naogopa nyinyi," alisema.

Anold alicheka kwanza. Halafu wote wakacheka, isipokuwa mama Agustina, aliyekuwa anawafikiria mbuzi wake.

Mambo yaliyofuata hayakuwa ya haraka, na sitadanganya kwamba yalikuwa matamu. Walipanga foleni. Walirudishwa kwa kusahau picha. Mthamini alikuja na futi yake, akapima mpaka choo, na Rhobi, ambaye zamani angejifungia ndani, alimshikia ncha ya futi. Mthamini alisema nyumba ina thamani ya kama milioni ishirini. Wakili aliandika mkataba wa kweli, pesa na ng'ombe wanane, rangi zao na bei zao. Wazee walishuhudia tena, safari hii kwa dole gumba. Mama Agustina alisaini akiwa amevaa kitenge kipya cha kutoka kwa Rahima.

Emanueli alikwenda ofisi ya mapato akiwa amejiandaa kukatwa nusu. Walipiga hesabu ya aliyoyatumia kujenga, wakaangalia miaka aliyokaa humo, wakamwambia faida yake iko ndani ya kiwango kinachosamehewa. Alipewa hati yake. Alichodaiwa ni pango la ardhi la nyuma tu, akalilipa.

Anold na Rhobi walipewa namba ya malipo ya ushuru wa stempu. Ilikuja laki mbili na nyongeza kidogo ya kuchelewa. Rhobi aliitazama simu kwa muda. Laki mbili. Bei ya ndama. Kwa ajili ya ndama mmoja walikuwa wamejificha miezi yote ile, na walitaka kumpa dalali laki nane ili waendelee kujificha. Alikasirika kuliko alivyofurahi. Walilipa ada nyingine zilizobaki za kubadilisha umiliki, kila moja kwa namba yake na risiti yake.

Nyamhanga alikuwa amefika Jumamosi ile ile kama alivyosema, kabla hata mkataba mpya haujaandikwa. Anold alimwambia aandike risiti ya serikali, apewe hela yake. Dalali alisema ana haraka, amesahau kitu mahali fulani. Baadaye Emanueli alimfikisha kwa mtendaji, na habari za mbuzi zinaendelea huko.

Hati ya nyumba ilipotoka ikiwa na majina ya Anold na Rhobi, Rahima aliletewa kuisoma. Aliisoma kwa sauti, kisha akamwambia Rhobi aning'inize mapazia, maana ameshachoka kutazama madirisha yaliyo uchi. Siku hiyo Rhobi alikata kamba za viroba. Alitoa vyombo vyake kimoja kimoja, akavipanga kabatini. Hofu haikuisha yote mara moja. Mtu akigonga, moyo bado ulimruka kidogo kabla hajakumbuka.

Wiki iliyofuata mtu wa maji alipita tena mtaani na fomu zake. Alimkuta Rhobi uani, ana beseni mbele yake na ndoo ya maji ya kisimani pembeni.

"Mama, yule mwenye nyumba amesharudi?"

Rhobi alifuta mikono kwenye kanga. Alisimama.

"Ni mimi," alisema. "Lete hiyo fomu nisaini."